Matusi Saba kwa Sekunde Nane

Mdogo wangu Vitantonio hakuwahi kumwandikia binti yake barua hata moja. Miaka arobaini na moja. Binti anaitwa Maura, amezaliwa Uingereza, mjini Coventry, mama yake Mwairishi. Ndoa ilipovunjika mtoto alikuwa na miaka minne, Vitantonio akarudi Torino, na kuanzia hapo kilichobaki kati yao ni simu ya Krismasi na simu ya Pasaka. Hujambo, sijambo, mvua, baridi, kwaheri. Kiingereza cha Vitantonio kilikuwa cha kiwandani, maneno thelathini hivi, na kumi kati ya hayo huwezi kumwambia mtoto. Kiitaliano cha Maura hakikuwepo kabisa. Mama yake alikuwa akimwambia kwamba baba anayekupenda anakuandikia. Maura mwenyewe aliwahi kunisimulia kwamba kila siku yake ya kuzaliwa alisimama nyuma ya mlango kumngoja mtu wa posta, mpaka alipofika miaka kumi na miwili akaona aibu, akaacha.

Sababu niliijua mimi. Vitantonio hajui kuandika. Alitoka shule akiwa na miaka minane na hakurudi tena.

Nilimwambia mara mia: niambie mimi, nitaandika, nitatia Kiingereza, wewe utaweka jina tu. Hakutaka. Aliniapisha na kuniapisha tena nisimwambie Maura. Alisema hataki kuonewa huruma kwa mdomo wa kukodi, na kwamba kama mtoto atajua, atajua kwa njia ambayo yeye mwenyewe ameichagua. Kubishana na Vitantonio ni sawa na kusukuma lori kwa kifua. Nikanyamaza.

Halafu akaja Costanza na filamu yake.

Costanza ni mtoto wa kule juu mlimani, ng'ambo ya mto, kwenye nyumba zenye bustani. Watu wa kwao ndio waliokuwa wakibandika karatasi milangoni mwaka sitini na mbili, kwamba hapa hatupangishi watu wa kusini. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza, sikumficha. Akajibu kwamba anajua, na kwamba karatasi moja aliikuta kwenye sanduku la bibi yake. Hilo nililiheshimu. Alikuwa akizunguka kwenye vilabu vya wastaafu akitafuta watu walioletwa Torino wakiwa watoto, kwa yale matreni yaliyokuwa yakitoka kusini na mabegi ya kamba. Akamkuta Vitantonio kwenye meza ya karata mtaani kwetu Barriera. Na Vitantonio, ambaye jambo hili hakuwahi kumwambia mke wake wala kasisi, akamwambia Costanza. Labda ni kwa sababu huyu hakuwa na kalamu mkononi. Sijui.

Aliyomwambia ni haya. Mwaka sitini na mbili, mwezi wa Novemba, kwenye uwanja wa shule, watoto arobaini walimzunguka. Sisi tulikuwa tumetoka Stigliano, kijiji cha kusini mwa Italia, miezi mitatu tu kabla, tunanuka moshi wa kuni, tunasema lahaja ya kwetu ambayo hata mwalimu hakuielewa. Wakaanza kumwimbia. Walimwita terrone, neno ambalo ndani yake mna udongo, mna jembe, mna miguu mitupu. Walimwita mla sabuni, kwa sababu watu wa kaskazini walikuwa na hadithi kwamba wakati wa vita askari wageni walitugawia sabuni sisi watu wa kusini, tukadhani ni jibini, tukaila. Walimwambia kwao wanalala na punda. Walimwambia mama yake anapanda mboga kwenye beseni la kuogea. Matusi saba kwa sekunde nane, Costanza aliyapima baadaye alipoyarekodi kwa ajili ya filamu. Halafu mmoja akatoa kipande cha sabuni mfukoni. Mwalimu, Bi. Bertolero, alikuwa mlangoni, na alicheka. Vitantonio alitazama ukuta akaila.

Mimi nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa upande wa pili wa uzio. Nilisikia yote.

Kesho yake alitoka nyumbani na mkoba kama kawaida, akaenda kukaa kando ya mto Dora mpaka saa sita. Alifanya hivyo kuanzia Novemba mpaka Februari. Baba alipogundua alimpiga, kisha akachoka kumpiga, akampeleka soko la Porta Palazzo kubeba makasha ya machungwa. Huo ndio mwisho wa elimu ya Vitantonio Lacerenza.

Costanza alipomaliza filamu aliniomba mimi niitie Kiingereza, yale maandishi yanayopita chini ya picha. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwenye basi la kiwandani, kwa kamusi niliyoichana vipande vinne ili iingie mfukoni. Nilifukuzwa kazi vuli ya mwaka themanini pamoja na wengine wote waliokuwa na mdomo, na tangu hapo nimetafsiri vipeperushi, hotuba, halafu filamu ndogo ndogo. Wenye shahada zao wananiita fundi. Sawa.

Jioni ile niliyomwambia Vitantonio kwamba kazi nimepewa mimi, alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua kichwa.

"Kaka," alisema, "barua yangu ndiyo hiyo. Iandike vizuri."

Akaniambia amemwomba Costanza amwalike Maura kwenye onyesho la kwanza, tiketi ya ndege imeshakatwa. Filamu haimtaji kwa jina, lakini Maura ataketi kando yake, atasoma habari za mtoto aliyeacha shule, na atajua kwa nini mlangoni pale hapakuja kitu.

Nilirudi nyumbani nikaitazama ile sehemu mara ishirini. Costanza alikuwa amefanya jambo la kijasiri, na jambo hilo lilinitia kazi. Hakuonyesha watoto. Kamera inatazama ukuta tu, kama Vitantonio alivyotazama, rangi imebambuka, kuna msumari mmoja. Unasikia sauti. Kwa hiyo mtu asiyejua Kiitaliano hana kingine cha kushika isipokuwa mistari yangu.

Na mistari hiyo ina sheria zake. Ni miwili, haizidi. Kila mmoja herufi kama arobaini. Lazima ikae kwenye kioo muda wa kutosha jicho kusoma. Watu wengi wakipiga kelele kwa pamoja unachagua sauti moja, nyingine unaziacha zipite. Kazi yetu ndivyo ilivyo, na kila anayeifanya anajua kwamba nusu ya kazi ni kukata.

Kwanza nilitafuta maneno. Mla sabuni ukimpa Mwingereza neno kwa neno, anacheka. Hana hiyo hadithi, hajui vita ile ilituletea nini, anaona katuni. Nilihitaji kitu kinachochoma kwao kama hili linavyochoma kwetu. Nikampigia simu Maura. Nikamwuliza, kwa ajili ya kazi tu, watoto wa Coventry walimwita nini shuleni, yeye binti wa Mtaliano.

 Alicheka kwa shida, akasema, "Baba mkubwa, haya sijamwambia hata mume wangu." Akaniambia. Walimwita mafuta. Nywele za mafuta, ngozi ya mafuta, baba yako mafuta, msimguse mtateleza. Walimwambia arudi kwao akajisugue. Alikuwa na miaka saba na hakujua kwao ni wapi zaidi ya hapo aliposimama.

Akaniuliza kama baba yake anajua. Nikasema hapana. Akasema afadhali.

Nilipokata simu nilikuwa na hasira na, nisifiche, furaha ya fundi. Nilikuwa nimepata. Niliyachukua maneno ya Maura nikayaweka mdomoni mwa watoto wa Torino. Jisugue tumboni, mafuta wewe. Sabuni ile kwenye filamu ikapata maana yake kwa Kiingereza. Maura atayasoma na atayajua hapohapo, hatahitaji kufafanuliwa na mtu. Baba na binti, uwanja mmoja.

Kama ningesimama hapo.

Lakini mimi ni mtu wa kudai vyote. Niliandika matusi yote saba. Mistari minne mahali pa miwili, kila mmoja herufi sitini, sabini. Hakuna jicho la binadamu lingeyasoma kwa sekunde nane, nami nilijua. Nikaambatanisha barua ya kurasa sita kwa ile ofisi ya Roma inayoweka maandishi kwenye picha: historia ya yale matreni, karatasi za milangoni, vyumba vya darini tulivyolala watu tisa, na kwa nini kukata tusi moja ni kuwasamehe waliolitoa. Niliandika kwamba miaka sitini tumekatwa, inatosha.

Bi. Ornella, msimamizi wa ofisi hiyo, alinipigia Jumatatu. Ni mwanamke mpole mwenye kikohozi cha sigara. Alisema amesoma kurasa zote sita, na kwamba mama yake ni wa Foggia. Akaniomba nichague tusi moja, au mawili mafupi, lolote nitakalo, na nimpelekee kabla ya Alhamisi, kwa sababu Ijumaa filamu inafungwa, haiguswi tena. Nikamwambia yeye kwanza achague mtoto mmoja kati ya wale arobaini, kisha ndipo aniombe nichague tusi.  Nililipenda sana jibu langu lile. Nilimsimulia kila mtu klabuni.

Jumatano akaniandikia tena. Sikumjibu. Alhamisi akaniandikia mara mbili. Nilikaa nikitazama simu, nikijiona niko mgomoni tena mbele ya geti la kiwanda, kijana, sauti ipo.

Onyesho lilikuwa Jumamosi saa kumi na moja jioni, ukumbi mdogo karibu na kituo cha reli, wageni wengi kutoka nje. Vitantonio alikuwa amenyoa mpaka shingo ilikuwa nyekundu. Maura alifika na mkoba wake wa safari mkononi, mwanamke wa miaka arobaini na mitano mwenye paji la uso la mama yetu, akambusu baba yake shavuni upande mmoja, kisha hakujua kama kuna wa pili. Tukaketi. Vitantonio katikati, Maura kuliani kwake, mimi kushotoni.

Kabla taa hazijazimwa Vitantonio aliniinamia. "Ikifika pale," alisema, "mimi sitaweza kumtazama. Mtazame wewe, uniambie baadaye uso ulikuwaje."

Nikasema nitatazama.

Ukuta ukatokea. Msumari. Sauti za watoto zikaanza kupanda, na Vitantonio akaufumba mkono wake kwenye kiti. Mimi nilimtazama Maura kama nilivyoahidi, kwa hiyo mistari niliiona kwa pembeni tu, mifupi, myeupe, miwili. Wewe unanuka! Mtafuna sabuni!

Basi. Hayo tu. Kijana fulani wa ofisini alikuwa ameyaandika Ijumaa asubuhi.

Maura alicheka. Haikuwa kwa ubaya. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, cha mtu aliyekuwa amejikaza kungoja kitu kizito akapewa cha kitoto. Safu nzima ya nyuma yetu ilicheka pamoja naye. Halafu kwenye filamu zikanyamaza sauti, ukasikika mtoto anakohoa, anakohoa na kutapika, na Maura akakoma ghafla na kuweka kiganja mdomoni. Lakini Vitantonio alikuwa ameshasikia. Aliuondoa mkono wake kwenye kiti akauweka mapajani.

Hakuondoka. Sisi tulifundishwa kutopita mbele za watu. Alikaa mpaka mwisho, akapiga makofi na wengine, akamwambia Costanza ahsante, akasema anahitaji hewa. Tulipotoka nje alikuwa ameshapanda tramu.

Nilimtafuta Bi. Ornella. Nilimkuta kwenye varanda anavuta sigara, na nilikuwa nimejaa, kila jina la kila mtu aliyewahi kutukata lilikuwa tayari ulimini. Aliniacha niseme. Watu waligeuka kututazama. Nilipopumua, alisema kwa sauti ya chini, "Mzee Donato, nilikuomba moja. Moja tu. Ungenipa lolote ningeliweka."

Nikageuka, nikamwacha na sigara yake.

Maura alikuwa ameketi kwenye ngazi na mkoba wake. Aliniuliza baba kaenda wapi, na kwa nini uso wake ulikuwa vile, na yale maneno yake niliyomwomba kwenye simu niliyaweka wapi, maana aliyangoja filamu nzima. Hapo nilikivunja kiapo. Nilimwambia mtoto wa ukutani ni nani. Nilimwambia kuhusu mto Dora, makasha ya machungwa, kuhusu barua. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli hajui kuandika hata jina. Nikasema jina anaandika. Aliinama akaegemeza paji la uso kwenye mpini wa mkoba, akabaki hivyo.

Asubuhi ya Jumapili nilimpeleka kwa baba yake. Vitantonio alifungua mlango, alikuwa ameshaweka kahawa jikoni, vikombe vitatu. Mtu asiyetujua angedhani mambo ni mazuri. Maura hakugusa kahawa. Alinigeukia mimi, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kugeukiwa.

"Mwambie sikujua, baba mkubwa. Mwambie kilichoandikwa kilikuwa kitu kingine kabisa. Mwambie nami waliniita."

Nikamwambia yote, na mafuta, na kurudi kwao akajisugue. Niliongeza kwamba kosa ni langu, nikaeleza lilivyotokea. Vitantonio alisikiliza akizungusha kikombe. Aliposikia ya Coventry aliinua macho mara moja, nikadhani hapo pamefunguka kitu. Kisha akayarudisha mezani. Alijibu kwa lahaja ya nyumbani, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kituoni.

"Mwambie kicheko chake nimekifahamu. Ni kilekile cha uwanjani. Barua moja nimemtumia maishani, ameicheka. Mwambie arudi kwao, asinipigie tena."

Maura alikuwa ananitazama midomo.

Nilikuwa na maneno yote ya Kiingereza. Yalikuwa machache, mepesi, hata mtoto angeyatafsiri. Miaka yangu yote nimewatukana waliotafsiri nusu, waliolainisha, waliosema mzee anasema hivi kumbe mzee anasema vile. Nilifikiria mtoto wa miaka saba anayeambiwa arudi kwao. Na sasa aambiwe na baba yake, kwa mdomo wangu.

"Anasema hana kinyongo," nilimwambia. "Anasema amefurahi kwamba umekuja."

Maura aliinuka, akazunguka meza, akamkumbatia kichwa akambusu penye upara. Vitantonio hakumsukuma. Alinitazama kupitia chini ya mkono wa binti yake.

"Umemwambia nini?"

"Ulichosema."

"Kumbe Uingereza ukimfukuza mtu anakubusu."

Maura aliniuliza amesema nini. Nikasema anasema kahawa itapoa.

Aliondoka siku hiyohiyo. Akaanza kupiga simu kila Jumapili, na simu iliita mpaka ikakata. Alinipigia mimi kuuliza, nikamwambia baba yako masikio yamekwisha, simu haisikii. Huo ukawa uongo wa tatu kwake, kisha sikuhesabu tena. Kwa Vitantonio nilijaribu. Nilimwambia ukweli wa jikoni, kwamba sikumfikishia maneno yake, kwamba bado pana nafasi. Alisema afadhali ningemfikishia, angalau mtu mmoja katika ukoo wetu angekuwa amepokea kitu kama kilivyotumwa. Baada ya hapo tulicheza karata, hatukulizungumza.

Alifariki mwezi wa Machi. Mapafu, kwa ile idara ya rangi kiwandani, kama wote waliofanya kazi kule.

Maura alikuja kumzika. Makaburini aliomba aseme maneno mawili, akaniita nisimame kando yake nigeuze kwa Kiitaliano. Walikuwepo wazee wa klabu, Costanza, jirani wa chini na mumewe. Upepo ulikuwa unatoka milimani na ilibidi niseme kwa nguvu.

Alisema baba yake hakumwandikia barua, na kwamba kwa miaka mingi alimchukia kwa hilo. Alisema asubuhi moja, jikoni kwake, baba alimwambia kwamba hana kinyongo na kwamba amefurahi kumwona, na kwamba yeye Maura anaishi na sentensi hiyo na inamtosha.

Niligeuza yote. Sikuacha neno.

Wazee walifuta macho. Rocchino, aliyekuwa akicheza karata na Vitantonio kila Alhamisi, alinishika bega tulipokuwa tunatoka getini. "Donato," alisema, "angalau wale wawili walimaliza vizuri."

Nikamwambia ndiyo.